Muscat na maradhi ya kifua: moshi, vidonge na kimya

Ilipotimia saa tatu za usiku mzinga ulilia kutoka ngome ya Mirani, na malango ya mji wa Muscat yakafungwa. Aliyechelewa alilala nje. Aliyekuwa ndani hakuruhusiwa kutembea njiani ila awe ameshika taa ya mkononi. Mambo yalikuwa hivyo hadi mwaka 1970, mwaka wa mwisho wa utawala wa Sultan Said bin Taimur.

Miongoni mwa mambo yaliyokatazwa katika mji huo ni kuvuta sigara hadharani. Waandishi wa Kizungu waliofika Muscat wakati huo walizicheka sana amri za Sultan, na kusema kweli baadhi yake zilistahili kuchekwa. Lakini hii ya tumbaku ilikuwa na mizizi mirefu kuliko Sultan mwenyewe.

Katika Oman ya ndani, iliyotawaliwa na Imam Muhammad al-Khalili kuanzia mwaka 1920 hadi alipofariki mwaka 1954, tumbaku ilipigwa marufuku kabisa. Maulamaa wa madhehebu ya Ibadhi waliihesabu kuwa ni haramu, na aliyeonekana akivuta aliadhibiwa. Hoja yao ilikuwa ya dini. Hakuna aliyetaja mapafu, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyataja, kwa kuwa hata madaktari wa Ulaya katika miaka hiyo walivuta sigara mbele ya wagonjwa wao.

Kwa hiyo mji ambao Waswahili wa zamani waliuita Maskati uliingia katika nusu ya pili ya karne ya 20 ukiwa na kinga ambayo London na New York hazikuwa nayo. Pamoja na hayo watu wake walikohoa, na wengi walikufa kwa kukohoa. Adui wao wakati ule alikuwa kifua kikuu.

Hospitali ya Matrah

Mwendo mfupi kutoka Muscat ya kale, nyuma ya kilima, upo mji wa bandari wa Matrah. Wamishonari wa Kimarekani wa kanisa la Reformed ndio walioleta tiba ya kisasa huko. Daktari Sharon Thoms alifanya kazi katika eneo hilo hadi alipokufa kwa ajali mwaka 1913. Baada yake alikuja Paul Harrison, daktari mpasuaji, ambaye mnamo mwaka 1934 alifungua hospitali iliyoitwa Knox Memorial. Mwaka 1939 akafika Wells Thoms, mtoto wa yule Sharon, akabaki kwa zaidi ya miaka 30.

Ukiacha vituo vichache vidogo, hospitali hiyo pamoja na ile ya wanawake iliyokuwa Muscat kwenyewe ndizo zilizobeba mzigo wa nchi nzima. Wagonjwa walifika kwa ngamia, kwa punda na kwa majahazi. Wenye trakoma walikuja na macho yao, wenye malaria na homa zao, na wenye kifua kikuu walikuja wamekonda, wakitema damu katika vitambaa. Baadaye lilijengwa jengo la peke yake kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza, hasa kifua kikuu na ukoma, likapewa jina la Sharon Thoms.

Kumtenga mgonjwa wa kifua ilikuwa kazi ngumu. Mgonjwa wa Oman hakuja hospitali peke yake. Alikuja na mama, mke, ndugu na sufuria, na wote walipiga kambi kando ya kitanda. Daktari aliyetaka kuwafukuza jamaa alijikuta amemfukuza na mgonjwa mwenyewe.

Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Isoniazidi ikafuata mwaka 1952, nayo ilikuwa ya bei nafuu na ya kumeza. Kwa mara ya kwanza tangu Robert Koch alipoutangaza mdudu wa ugonjwa huo huko Berlin, mwaka 1882, kulikuwa na tumaini la kupona kwa hakika. Shida ilikuwa muda. Tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu. Mtu wa milimani, mwenye mitende na mbuzi wanaomsubiri, alipoona kikohozi kimepungua baada ya miezi miwili alifunga mzigo wake akarudi kwao, na vimelea vikiwa bado hai ndani ya kifua.

Majaribio ya Afrika Mashariki

Ufumbuzi wa shida hiyo haukutoka Muscat, wala haukutoka London peke yake. Sehemu kubwa ilitoka Afrika Mashariki, na jambo hili halitajwi vya kutosha.

Kuanzia mwaka 1970 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na watafiti wa Afrika Mashariki waliwachukua wagonjwa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakawapa dawa kwa miezi 6 badala ya 18. Kundi moja lilipewa rifampisini pamoja na dawa za zamani, jingine pirazinamidi. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 1972. Wagonjwa waliopewa rifampisini kwa miezi 6 walipona, na waliougua tena walikuwa wachache mno. Madaktari wengi wa Ulaya hawakuamini hadi majaribio yaliporudiwa.

Haikuwa bahati kwamba kazi hiyo ilifanyika huko. Eneo hilo lilikuwa na wagonjwa wengi, lakini pia lilikuwa na uzoefu wa muda mrefu. Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilikuwa kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa taifa wa Tanzania, ulioongozwa kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ndio uliotoa mfano wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, mfano ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuusambaza ulimwengu mzima katika miaka ya 1990.

Oman ilianzisha mpango wake wa taifa wa kupambana na kifua kikuu mwaka 1981. Hesabu ya wagonjwa ikashuka mwaka hadi mwaka, na leo ni chini ya wagonjwa 10 kwa kila watu 100,000. Matibabu ya miezi 6 yaliyowezesha jambo hilo yalikuwa yamethibitishwa katika vifua vya wakulima na vibarua waliozungumza Kiswahili, Kiganda na Kikikuyu.

Siku mbili za Januari

Kabla ya hapo ilitokea sadfa ambayo Waswahili wa Muscat huenda hawakuigundua. Jumamosi tarehe 11 Januari 1964, mjini Washington, mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, aliwakusanya waandishi wa habari na kuwakabidhi ripoti nene. Alikuwa amechagua Jumamosi makusudi, ili soko la hisa liwe limefungwa. Ripoti ilisema bila kuzungusha maneno kwamba uvutaji wa sigara unasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume.

Siku iliyofuata, tarehe 12 Januari, Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Maelfu ya watu wenye asili ya Oman walikimbia visiwa hivyo katika miezi na miaka iliyofuata. Wengine walikwenda Cairo, wengine Dubai na Kuwait, wengine Uingereza. Habari ya Washington haikuwa na nafasi katika vichwa vyao.

Hata hivyo siku hizo mbili zilikuja kukutana Muscat. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos bin Said alichukua madaraka kutoka kwa baba yake. Mafuta yalikuwa yakiuzwa nje tangu mwaka 1967, na sasa fedha zikaanza kutumika. Malango ya mji yakaachwa wazi usiku. Wizara ya Afya ikaundwa. Sultan akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi, na miongoni mwa waliorudi walikuwamo watu wa Zanzibar na pwani waliosoma Kiingereza, wauguzi, makarani, walimu na madaktari. Katika ofisi na wodi za serikali mpya Kiswahili kikawa lugha ya kusemeshana kazini, na wapo wagonjwa wa milimani waliostaajabu kumsikia Mwarabu mwenzao akimwambia mwenziwe "pole".

Pamoja na barabara, shule na hospitali, sigara nazo zikaingia kwa uhuru. Hapo ndipo historia hii ina uchungu wake. Muscat iliifungulia tumbaku mlango miaka 6 baada ya ripoti ya Washington, na miaka 20 baada ya Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill kuonyesha kwamba, katika wanaume 649 wenye saratani ya mapafu waliowachunguza, 2 tu ndio hawakuwa wavutaji. Amri ya zamani ilikuwa imefutwa pamoja na ile ya taa na ile ya malango, kana kwamba zote zilikuwa za aina moja. Ni vigumu kuwalaumu watu waliokuwa wametoka kifungoni. Nani angetaka kusikia kwamba katika minyororo ile mmoja ulikuwa na faida?

Haki inataka isemwe pia kwamba sigara haikuteka Oman kama ilivyoteka nchi nyingine za eneo hilo. Wanaume wanaovuta ni wachache kuliko wa nchi nyingi za jirani, na wanawake wanaovuta ni wachache mno. Mafundisho ya zamani yalibaki majumbani hata yalipoondoka katika sheria. Sheria yenyewe ikarudi kidogo kidogo, safari hii kwa lugha ya tiba. Mwaka 2005 Oman iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Mwaka 2010 kuvuta sigara katika majengo ya umma mjini Muscat kukapigwa marufuku. Katikati ya mwaka 2019 ukaja ushuru wa asilimia 100 juu ya tumbaku.

Ugonjwa usiotajwa

Saratani ya mapafu haina haraka. Kati ya sigara ya kwanza na kivuli cha kwanza katika picha ya kifua inaweza kupita miaka 30. Mvutaji wa Matrah aliyeanza mwaka 1972 alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu ugonjwa ulipomfikia.

Historia ya tiba yake duniani imejaa vitendawili. Mwaka 1933, huko St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alitoa pafu zima la mgonjwa mwenye saratani, naye mgonjwa akapona. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa, na mwaka 1957 alikufa kwa saratani ya mapafu. Yule aliyempasua alikuwa bado hai.

Upasuaji husaidia ugonjwa ukiwa bado mahali pamoja. Tatizo la Muscat, kama la Dar es Salaam na Nairobi, ni kwamba wengi hufika hospitali ukiwa umeshasambaa. Mtu hukohoa, hupewa dawa ya kikohozi, akakohoa tena, akapewa nyingine. Mahali ambapo kifua kikuu kiliogopwa kwa vizazi, damu katika makohozi humfanya kila mtu afikirie ugonjwa ule wa zamani kwanza, na pengine miezi hupotea hapo.

Vifaa havikukosekana kwa muda mrefu. Hospitali ya Royal ilifunguliwa mwaka 1987, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Daftari la wagonjwa wa saratani lilianza mwaka 1985, na tangu mwaka 1996 likahesabu nchi nzima. Linaonyesha kwamba saratani ya mapafu ni nadra zaidi Oman kuliko Ulaya, ingawa kwa wanaume ni miongoni mwa zile zinazouwa. Mwaka 2004 Hospitali ya Royal ilipata kituo cha taifa cha saratani na tiba ya mionzi. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji mionzi hakuwa na budi kupanda ndege, na familia iliyokosa njia ilibaki ikimtazama. Mwaka 2021 kituo kikubwa zaidi cha matibabu na utafiti wa saratani, kilichopewa jina la Sultan Qaboos, kilianza kupokea wagonjwa upande wa Al Khoud. Huko madaktari hupima hata chembe za urithi za uvimbe, kwa kuwa wapo wagonjwa, wasiovuta kabisa wakiwamo, ambao saratani yao husikia dawa za vidonge zilizoanza kupatikana katika miaka ya 2000.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni ulimi. Kwa Kiarabu cha majumbani saratani huitwa ugonjwa mwovu, na wengine hawaitaji hata hivyo, husema "ule ugonjwa". Mtoto mkubwa humfuata daktari mlangoni na kumwomba asimwambie mzee. Daktari husema ni uvimbe, au ni majimaji katika kifua. Mzee huona watu wanazungumza kwa macho, huelewa, naye pia hunyamaza ili asiwaumize wanawe. Hufa kila mmoja akiwa amemficha mwenzake jambo ambalo wote walilijua. Watu wa Unguja, Mombasa na Lamu hawahitaji kuelezwa habari hii.

Katika ukimya huo aliinuka mwanamke mmoja, Yuthar Al-Rawahy, ambaye mwenyewe aliugua saratani, akaanza kusema hadharani. Jumuiya aliyoianzisha ilitambuliwa rasmi mwaka 2004, na baadaye ikajulikana kama Oman Cancer Association. Kazi yake ilianza na mambo yanayoonekana madogo: kumtembelea mgonjwa, kumpeleka hospitali, kuita ugonjwa kwa jina lake. Nyumba ya Dar Al Hanan mjini Muscat iliwapokea watoto wenye saratani kutoka wilaya za mbali pamoja na mama zao, ili mtoto asikatishe matibabu kwa kukosa pa kulala. Ni ile shida ya sufuria kando ya kitanda cha Matrah, ikiwa imepata jibu baada ya nusu karne.

Chetezo na kifua

Upo moshi mwingine ambao hakuna Sultan wala Imam aliyeukataza. Katika kila nyumba ya Muscat, kama katika nyumba za Mji Mkongwe, chetezo huwashwa. Mgeni hufukizwa udi, nguo hufukizwa, mzazi na kichanga chake hufukizwa. Nyumba isiyonukia huhesabiwa kuwa haina wenyewe.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walichapisha uchunguzi wa watoto wa shule 2,441 kutoka mikoa miwili ya Oman. Waliuliza kuhusu pumu na kuhusu buhuri nyumbani. Waligundua kwamba asilimia 15.4 ya watoto walikuwa na pumu. Buhuri haikuonekana kuwa chanzo cha pumu yenyewe, lakini kwa asilimia 38 ya wenye pumu ilizidisha kukoroma kwa kifua, ikiwa ya nne baada ya vumbi, hali ya hewa na mafua. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi wa Wachina zaidi ya 61,000 wa Singapore ulikuwa umehusisha matumizi ya muda mrefu ya ubani wa kuchoma na aina moja ya saratani ya njia ya hewa. Ubani wa Singapore si udi wa Muscat, na jambo hili bado halijafika mwisho wake. Hata hivyo daktari wa Muscat leo anaweza kumwambia mama wa mtoto mwenye pumu afukize nguo uani na kufungua madirisha, na mama akasikiliza, kwa kuwa ushauri umetoka kwa mtu ambaye nyumbani kwake pia mna chetezo.

Picha ya kifua

Kifua kikuu hakijaisha kabisa Muscat, ila kimehamia kwa watu wengine. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa miaka ya karibuni ni wafanyakazi wa kigeni, wajenzi, madereva na wasichana wa kazi za ndani, wakiwamo wa kutoka Afrika Mashariki. Ndiyo sababu mfanyakazi hupigwa picha ya kifua kabla ya kuondoka kwao, na hupimwa tena akishafika.

Kwa mujibu wa masharti ya afya ya nchi za Ghuba, si ugonjwa ulio hai tu unaomfungia mtu njia. Hata alama ya kifua kikuu cha zamani, kilichotibiwa kikapona, humfanya ahesabiwe kuwa hafai. Katika vituo vilivyoidhinishwa vya miji kama Nairobi na Kampala, msichana ambaye ndugu zake wamechanga nauli na gharama za wakala husimama mbele ya mashine, huambiwa avute pumzi na aizuie. Akiwa aliugua utotoni na kumeza vidonge vyake vyote kwa miezi 6, matibabu yale yale ambayo wagonjwa wa nchi yake walisaidia kuyathibitisha, kovu lingali pale, jeupe, dogo kama punje ya mchele. Cheti chake huandikwa neno moja, na hurudi nyumbani kwa basi.